Mgonjwa wa Bibi Aliyeanguka Kutoka Juu

Kama umekuja kunisikiliza ili ucheke, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sirudi nyuma. Haya niliyaona mwenyewe, kwa macho haya, nikiwa nimeshiba, sina homa, na taa ya umeme inawaka. Naitaja taa kwa sababu kila ninaposimulia hutokea mjuaji mmoja akaniuliza kama mwanga ulitosha. Mwanga ulitosha. Kilichopungua siku ile kilikuwa mtu mwenye akili zake, ukiniondoa mimi.

Nianze na bibi yangu. Bibi Mwatumu, mama mzazi wa baba yangu, aliishi Kiwangwa mpaka anakufa. Alikuwa na nyumba ya tofali yenye kibaraza, na nyuma yake shamba la mananasi linaloteremka mpaka kwenye mihogo bondeni. Kazi aliyojulikana nayo ilikuwa kuunga mifupa. Bega likiteguka, mkono ukivunjika, kifundo kikihama mahali pake, mtu alipelekwa kwake. Wengine walitoka Saadani, wengine huko Ubena barabara kuu, wamebebwa kwenye bodaboda wakilia njia nzima. Mfupa uliotoboa ngozi alikuwa haugusi. Huo aliutimua uende hospitali, na mgonjwa akibisha alitimuliwa pamoja na mfupa wake.

Usinitafutie hapa bibi wa hadithi, yule wa kukupakata na kukubandulia ukoko. Bibi yangu hakumpakata mtu. Bibi yangu alikuwa na dharau, tena ya kiwango ambacho sijakiona kwa mwingine yeyote. Mwanamume mzima akiletwa na goti limekwenda upande, analia na kuita mama yake, Bibi alimtazama kama unavyotazama uji ulioangukiwa na inzi. "Na tumbo hilo," anamwambia, "ulipanda mnazi kufuata nini? Nazi au sifa?" Yule mtu anashtuka. Hajawahi kutukanwa akiwa kwenye maumivu, anasahau hata kulia. Na hapo hapo, kwa! Goti limerudi.

Mimi nilidhani ni ukali tu wa uzee, mpaka siku moja aliponieleza. Mtu mwenye maumivu hukaza mwili, akasema, na mwili uliokazwa hauungiki. Umwonee huruma, atazidi kukaza. Mshangaze, atalegea mwenyewe, na wewe ndipo unavuta.

Nilikaa naye tangu nilipoachishwa ziwa mpaka nilipoolewa mjini Bagamoyo, ambako nilikuwa nashona nguo. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nashika mabega ya wagonjwa wakati yeye anavuta. Mafuta ya ufuta, vibanzi vya mwanzi, vitambaa vilivyochanwa kwenye kanga kuukuu: vifaa vyake vyote vilikuwa hivyo. Hakuwa na kibuyu, hakuwa na pembe wala kitambaa chekundu. Mkoba hakuwa nao hata wa kwenda nao sokoni, alikuwa anabeba vitu kwenye ndoo. Kumbuka hilo la mkoba, maana ndilo lililotuletea balaa.

Sasa ndugu zangu. Baba mkubwa Shomari, mtoto wa kwanza wa Bibi, anakaa Bunju. Kila mwaka alikuja mara moja kumwona mama yake, na zawadi yake ilikuwa mkate wa slesi. Bibi alikuwa akiupokea kwa mikono miwili, anasema ahsante baba, na gari likishapinda kona anawatupia kuku. Binti yake baba mkubwa anaitwa Zuhura, rika langu. Huyu alishauza mkorogo, alishauza nywele za bandia, alishafungua mgahawa ukafungwa, na katika maisha yake yote sidhani kama alilala usiku mzima katika nyumba ile ya Kiwangwa. Alisema kuna mbu.

Bibi akafa usingizini, alfajiri ya Ijumaa. Tukamzika siku ile ile. Na wakati jeneza liko kibarazani watu wanamsalia, mimi nilimwona baba mkubwa Shomari kwa macho yangu akitembea kando ya shamba la mananasi, anapima mpaka kwa hatua, midomo inacheza. Si dua ile. Anahesabu. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na miwani ya jua, anajipiga picha za huzuni kwa simu. Upande wa bondeni kwenye mihogo kulikuwa na sauti za kulia, nyingi, nyembamba, kama za watoto. Mtu mmoja akauliza ni nini. Wazee wakasema ni komba. Lakini komba hulia mchana, tena saa tisa? Hakuna aliyejiuliza. Kila mtu alikuwa na lake.

Siku ya kuondoa matanga Zuhura akaamka amejifunga kaniki. Akatangaza mbele ya ukoo mzima kuwa Bibi amemjia ndotoni na kumkabidhi mikoba.

Nikamwuliza, "Mikoba gani?"

"Mikoba ya uganga," akaniambia huku amefumba macho. "Usinibishie, mwenzangu. Wazee wamenichagua."

Na ukoo ukamwamini! Baba mkubwa Shomari akalia machozi kabisa. Wiki haijaisha, chumba cha Bibi kimeshawekwa shuka jekundu ukutani, chetezo cha ubani, na kibuyu kilichoshonwa kauri ambacho chini yake kilikuwa bado na stika ya duka. Akasema anapandwa na ruhani Mwarabu, sharifu, mjuzi wa Kurani. Wallahi nilimsikiliza huyo ruhani siku nzima, hajui hata kusema Bismillahi vizuri, na lafudhi yake ni ya Bunju.

Nikacheka tu, nikarudi zangu mjini kushona. Lakini nyuma yangu akaja mama mmoja kutoka Miono na mtoto wake wa kike, kaanguka shuleni, mkono umevunjika hapa chini ya kiwiko. Zuhura akamfukiza. Akamzungushia kibuyu kichwani, akamfunga hirizi juu ya palipovunjika, akawaambia ni jicho la jirani, waende nyumbani. Nilipokuja kumwona mtoto yule kwa arobaini ya Bibi, mkono umeshaanza kushika ukiwa umepinda kama mpini wa jembe bovu. Mama yake ananishukuru mimi kwa sababu natoka kwenye ukoo wa Zuhura. Anashukuru! Nikamwambia achukue mtoto ampeleke hospitali ya wilaya kesho asubuhi, na asikanyage tena pale. Nikajiambia khitma ikiisha, mimi na Zuhura tutakutana.

Khitma ikaisha. Watu wakala pilau, wakasema maneno mazuri juu ya marehemu waliyekuwa wakimkimbia, wakaondoka. Baba mkubwa Shomari akaondoka na ndoo ya nyama iliyobaki. Tukabaki mimi na Zuhura, yeye kwa sababu anangoja wateja, mimi kwa sababu nina masufuria ya kuosha na neno la kumwambia. Magharibi ilikuwa imeshaswaliwa, giza linaingia. Niko uani nasugua sufuria, yeye yuko chumbani kwa Bibi, mlango wa mbele uko wazi, taa inawaka.

Nikasikia mtu anabisha hodi. Mara moja tu, na hakungoja kukaribishwa.

Zuhura akageuza sauti pale pale, akawa ruhani. "Karibu, mja wa Mungu. Wazee walishaniambia uko njiani."

"Nimekuja kwa fundi," akasema mgeni. Sauti ya mwanamume, ya taratibu.

"Fundi amelala. Mimi ndiye niliyekabidhiwa."

"Amekukabidhi wewe?"

"Kwa mkono wake."

"Kwa mkono wake," mgeni akarudia, kama mtu anayeonja kitu. "Haya, huu hapa mkono wangu."

Kisha Zuhura akapiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka nywele husimama, na mimi si mtu wa kusimamwa na nywele ovyo.

Nikatupa sufuria nikakimbilia ndani.

Nisikilize vizuri hapa. Alikuwa amekaa juu ya kigoda cha Bibi. Mwanamume wa makamo, au kijana, au mzee. Uso wake ukiutazama haukuambii umri. Kanzu nyeupe, safi, na upindo wake haukuwa na chembe ya vumbi letu jekundu la Kiwangwa, wala nyayo zake. Chumba kizima kilinuka kama chuma kilichotolewa motoni kikachovywa kwenye maji. Mkono wake wa kulia ameunyoosha, mkono wa kanzu umepandishwa mpaka begani. Na mkono ule, niamini, ulikuwa na kiwiko, halafu kiwiko kingine, halafu kingine tena, kama muwa ulivyo na vifundo. Cha katikati kilikuwa kimetoka mahali pake, kimetazama nyuma.

Zuhura amepiga magoti mbele yake. Viganja vyake vyote viwili vimenata kwenye mkono ule, haviondoki. Anavuta, haviondoki. Kaniki yake imelowa, na si kwa maji.

"Mwachie," nikasema. Sauti ilitoka ndogo mno.

Akanitazama bila hasira. "Amesema amekabidhiwa. Nangoja aunge."

"Asipoweza?"

"Atakaa hivi mpaka aweze."

Ungefanya nini wewe? Ungesoma Ayatul Kursi? Ulimi wangu ulikuwa mzito kama kipande cha mti. Miguu ilitazama mlango, nakwambia ukweli. Zuhura simpendi, sikumpenda hata siku moja, na kwa kile alichomfanyia mtoto wa Miono nilikuwa nimekuja kumtoa meno. Ningeweza kumwacha pale na ruhani wake.

Kilichonizuia ni kigoda. Bibi hakuwahi kumruhusu mgonjwa yeyote kukalia kigoda chake. Diwani alikuja na kifundo kimevimba, akakalishwa chini mkekani kama wenzake. Na sasa huyu, sijui katoka wapi, kajiweka juu yake kama yuko kwao! Nikapandwa na ghadhabu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"We! Nani kakwambia ukalie hicho?"

Akainuka.

Yaani aliinuka upesi, kama mwanafunzi aliyekutwa kwenye kiti cha mwalimu, na Zuhura akavutwa pamoja naye. Nikamtazama, naye akanitazama, na katika jicho lake nikaona kitu ambacho nilikuwa nakijua tangu utoto, kwa sababu nilikiona kwa wagonjwa wote wa Bibi. Haya. Aliona haya!

Basi nikamshukia.

"Umeingia kwenye nyumba yenye msiba," nikamwambia, "hodi moja, hukungoja karibu, salamu hujatoa. Huko ulikolelewa hawakukufunza?"

"Asalaam aleikum," akasema chini chini.

Nilimwacha kidogo aione ladha yake. "Waaleikum salaam. Kaa chini. Mkekani. Na huyu mwachie."

"Lakini amesema..."

"Huyu? Huyu hata unga wa chapati akiukanda haukandiki! Na wewe na ukubwa wote huo umedanganywa na mtu mwenye kibuyu cha dukani. Mwachie, nitamhitaji akushike bega."

Viganja vya Zuhura vikabanduka. Akaanguka chali, anahema. Mgeni akakaa mkekani, amekunja miguu, mkono wake ameulaza mapajani kama mtoto aliyelala.

Nikauliza kama Bibi alivyokuwa akiuliza. "Umeanguka wapi?"

"Juu," akajibu. Akainua macho darini.

"Juu wapi? Kwenye bati? Kwenye mnazi?"

"Juu," akasema tena.

Hapo nikaelewa. Sisi tuliosoma madrasa tunajua. Wako katika majini wanaopanda mbinguni kwenda kutega sikio, wasikie yanayosemwa na malaika, wayashushe huku kwa watu. Na wakifika karibu hupigwa vimondo. Zile nyota unazoziona zinaanguka, ukawaambia watoto wako watazame zilivyo nzuri, ni wao wanafukuzwa. Nilifundishwa nikiwa na juzuu mkononi, nikaamini kama unavyoamini mambo ya mbali. Sikujua kama wakipigwa huanguka wakavunjika. Sikujua kama kuna mtu huwaunga.

Na wakati moyo unanidunda mpaka masikioni, dharau ya Bibi ilikuwa bado iko mdomoni mwangu, haijashuka.

"Yaani," nikamwambia, "umepanda huko kote kwenda kusikiliza umbea."

Akainamisha kichwa. "Bibi yako alisema neno hilo hilo."

"Lini?"

"Kila mara."

"Na bado unapanda."

"Napanda."

"Basi huna akili."

"Hilo pia alisema," akajibu, na nakuapia alisema kwa unyonge.

Nikaingia uvunguni mwa kitanda kutafuta chupa ya mafuta ya ufuta. Zuhura alikuwa ameisukumia pembeni, mbele yake kapanga marashi. Vibanzi vya Bibi vipo vile vile, vitambaa vipo. Nikajipaka mafuta mpaka juu ya viwiko kama alivyokuwa akifanya yeye. Kisha nikasema Bismillahi kwa sauti kubwa, nikiwa nimemkazia macho, nikitegemea atoweke, moshi uende zake, tukalale. Hakutoweka. Akaitikia, "Rahmani Rahimi," kwa matamshi ambayo sharifu wa Zuhura angeyaonea aibu.

Nikamwambia Zuhura amshike kwapani na begani. Akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Umekabidhiwa au hukukabidhiwa?" Akaja, anatokwa na kamasi, akashika.

Mkono ule ulikuwa na joto la sufuria iliyoipuliwa sasa hivi. Ndani yake mifupa ilikuwa inahama hama kama kuku aliyetiwa kwenye gunia. Nikakitafuta kiungo cha katikati, nikakipata, lakini kila nikivuta anakaza. Uso wake hauonyeshi kitu, ila alikaza, na taa ilififia kila alipokaza. Nikakumbuka: mshangaze. Lakini utamshangaza na nini mtu aliyetega sikio kwa malaika?

"Na kanzu nayo umefua," nikamwambia. "Umefua, umepiga pasi, ukaenda kufukuzwa mlangoni kwa watu na kanzu ya Idi."

Akanikodolea macho. Mdomo wake ukafunguka kidogo. Mkono ukalegea, nami nikavuta.

Kwa!

Taa ikazimika ikawaka. Bati likaguna kama limekanyagwa kutoka upande huu mpaka ule. Kiwiko cha katikati kimetazama mbele pamoja na wenzake. Nikaweka vibanzi, nikafunga vitambaa, mikono inafanya kazi yenyewe, mimi nimeshaishiwa nguvu.

Wakati nafunga ndipo aliposema. Hakuulizwa.

"Siku anazikwa, mwanawe alikuwa anapima shamba. Huyu alikuwa anajipiga picha. Sisi ndio tuliomlilia."

"Nyinyi akina nani?"

"Wagonjwa wake."

Nikazikumbuka zile sauti za bondeni, zile nyingi. Wazee wakasema komba. Nikajikumbuka na mimi siku ile, nilivyokuwa nimeshughulika na sahani na maji ya wageni, jicho langu kavu kabisa, nimejaa hasira na ndugu zangu mpaka kilio hakikupata pa kupita. Bibi alililiwa na viumbe visivyo na jina kwenye mihogo, na sisi damu yake hatukumtolea chozi la maana. Nikafunga fundo la mwisho. Nilikuwa nalia. Yeye akanitazama nikilia na hakusema kitu, na kwa hilo namshukuru.

Nilipopata sauti nikasema, "Mlilia vibaya. Watu walidhani ni wanyama."

Akatabasamu. Mara moja tu, na sitaki kuliona tena tabasamu lile. "Mdomo ni ule ule," akasema.

Akainuka. Mlangoni akageuka, akamwuliza Zuhura, "Fundi ni wewe?" Zuhura akatikisa kichwa mpaka kilemba kikaanguka. Kisha akanigeukia mimi.

"Mimi nashona nguo," nikamwambia.

"Sawa," akajibu. "Mkono ukiteguka tena nitarudi."

Akapita katikati ya mananasi. Unayajua majani ya mananasi, yana miiba, hayapitiki kwa kanzu. Hakuna jani lililotikisika.

Sasa utaniuliza ushahidi. Watu hupenda ushahidi. Mtafute Zuhura, amerudi Bunju, mwambie akuonyeshe viganja. Havina mistari. Ni laini, vinang'aa kama sehemu ya ndani ya kombe la pwani. Alipokwenda kusajili laini mpya ya simu, akaweka kidole kwenye mashine, mashine ikakataa. Kingine, ikakataa. Akajaribu vyote. Yule kijana wa laini akamwuliza kwa upole kama aliwahi kuungua. Mwanamke aliyesimama mbele ya ukoo akasema amechaguliwa, mashine ya kibandani haimtambui kuwa ni mtu. Sitasema nilifurahi. Sitasema pia kwamba sikufurahi.

Mtoto wa Miono alipelekwa hospitali ya wilaya, wakauvunja tena mkono wakauweka sawa. Anaandika nao sasa.

Baba mkubwa Shomari anasema mimi ni mchawi, nimemloga binti yake ili nipate shamba. Hajakanyaga Kiwangwa tena, wala mnunuzi wa shamba aliyekuwa amemtafuta mjini hajaonekana. Naye aseme. Mtu aliyempelekea mama yake mkate wa slesi hawezi kuniumiza kwa maneno.

Wapo walioniumiza. Mimi sikurudi mjini, na mume wangu alinifuata Kiwangwa mara ya kwanza tukaelewana. Mara ya pili alifika jioni akanikuta mkekani, nimejipaka mafuta, namtukana mtu ambaye yeye hakumwona. Alisimama mlangoni muda mrefu. Talaka ilinifikia kwa mkono wa shemeji. Binti yangu anakuja likizo, na mara ya mwisho aliniambia, "Mama, siku hizi ukiongea na mimi ni kama unafukuza kuku." Nilitaka kumjibu kwa upole. Nikaufungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa cha Bibi. Mtoto akaenda kukaa kibarazani. Mimi nilibaki jikoni nikisema moyoni maneno ambayo nilitakiwa kumwambia, na hayakutoka, na sidhani kama yatatoka tena. Ndugu zangu walirithi vitanda na mabati. Mimi nilirithi mdomo huu, na sina wa kumwuzia.

Nyumba ya Kiwangwa ndimo ninamokaa. Wagonjwa wa mchana wanakuja na bodaboda, nawaunga. Wale wengine wanakuja baada ya Magharibi, na sasa si yule mmoja peke yake. Nyota ikianguka, kiwiko changu cha kulia kinaniuma kabla haijazimika, nami natandika mkeka na kuweka vibanzi tayari. Kuna mwezi ambao sikulala.

Sasa wewe. Najua na kwenu yupo mzee, na mmeshaanza kutazamana nani atachukua nini. Akifa, Mungu amrehemu, gawaneni. Gombanieni hata makabati, mkitaka, hilo ni la kwenu. Lakini usisimame mbele ya watu ukasema amenikabidhi mimi, kama hakukukabidhi. Unadhani wanaokusikia ni ndugu zako tu waliokaa kwenye jamvi. Wako wengine. Kazi yao ni kutega sikio, wamepigwa moto kwa ajili ya tabia hiyo na hawajakoma. Watashindwa kukusikia wewe unayepiga kelele uani kwenu? Watakusikia. Watakuja taratibu, hodi moja, watakunyooshea kilichovunjika, na hawatakuwa na haraka yoyote.